Tiketi ya Dansi Mfukoni mwa Shemeji

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Mimi ni mzima, ila mafua yamenikalia kooni wiki ya tatu sasa na sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Wewe hujambo? Watoto je? Shemeji simuulizii, maana barua yako yote ilikuwa yeye tu.

Umesema kwamba tangu arudi kutoka huku anaosha vyombo bila kuambiwa, na kwamba umemkuta na tiketi ya dansi mfukoni. Unasema hapo kuna mwanamke, mizigo umeshafunga, na Jumamosi unarudi kwa mama. Dada, shusha pumzi. Mwanamke yupo, na ni mimi.

Usichane barua kwanza. Niliwaandikia kwamba nimepata kazi ya ofisini. Ofisi yenyewe ni kile kibanda cha mbao ambamo mapadri walikuwa wakisikiliza maungamo. Watawa walihama zamani, na monasteri yao sasa ni kituo cha utamaduni: kwenye bwalo lao watu wanajifunza uchoraji, na kanisani wanacheza dansi kila Ijumaa. Mkurugenzi anazipenda mbao za kale, akakataza kibanda kisiguswe. Basi mimi nakaa humo ndani, nauza tiketi kupitia kidirisha chenye vitundu. Wazee wengine hupiga magoti kabla sijawatajia bei.

Shemeji alikuwa ameacha miwani yake kwa fundi. Akaona mnara wenye msalaba, akaingia moja kwa moja, akapiga magoti, akaniita padri. Nilitaka kumkatiza, haki ya Mungu, lakini kikohozi kilinibana, na nilipopata pumzi alikuwa ameshafika katikati ya dhambi. Nikaona kumkatiza hapo ni kumwaibisha. Tena, sitakuficha, nilitaka kusikia mwisho wake.

Alipomaliza akauliza afanye nini ili asamehewe. Nikamwambia, kwa sauti yangu hii, aoshe vyombo mwezi mzima. Kisha mazoea ya kazi yakanizidi, nikampitishia tiketi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu.

Sasa kosa lenyewe. Nimelikalia kimya siku kumi na mbili, na ningekwenda nalo kaburini kama usingefunga mizigo. Lile sikio lake la kushoto, ambalo wote tunajua liliziba alipougua, lilizibuka. Ni miaka sita sasa. Hakukwambia, kwa sababu ulishazoea kuliinamia na kusema yale usiyoweza kumwambia usoni: kwamba ni mbishi, kwamba anakoroma, kwamba ukiambiwa uchague tena utamchagua yeye huyo huyo. Alisema anaogopa ukijua amepona, utaacha. Alilia, dada, na mimi nikalia huku ndani, akadhani padri ana mafua.

Ukitaka kukasirika, una haki, ila kasirikia hapo hapo nyumbani kwako. Fungua mizigo. Wabusu watoto. Shemeji nisalimie kwa sauti ya chini, upande wa kushoto.

Ni mimi mdogo wako, nisiye padri.