Gari Lililomlaza Mama Mkwe

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Homa Bay tunakusalimu sana. Mahindi yamebeba vizuri, na babu yako ni mzima, ila amekosana na jogoo wa jirani.

Unauliza uchague gari gani la dizeli lililotumika, likulete kutoka Nairobi bila kukuvunja mgongo. Nilipokuwa nimeolewa karibuni, babu yako alitafuta gari la kumpeleka mama yake kliniki ya macho Kisumu. Muuzaji alikuwa na mawili: jeupe linalong'aa, na la kijivu lenye mlango uliobonyea. Babu yako alipiga magurudumu teke, akainamia injini asiyoijua, akasema, "Tuchukue jeupe."

"Atakayekaa nyuma ni nani?" mama mkwe akauliza. "Si ni mimi? Niendesheni kwanza."

Tukaenda hadi Rodi Kopany na kurudi. Kwenye jeupe alishuka ameshika kiuno, kitambaa cha kichwa kimemfunika macho. Kwenye la kijivu hakushuka kabisa. Babu yako akamtikisa akilia, "Mama, usife!"

Akafumbua jicho moja. "Mbona umesimama?"

Tukanunua la kijivu. Fundi akukagulie injini, lakini wewe kaa ndani, liendeshe mbali, uusikilize mgongo wako.

Kliniki walimwambia mama mkwe macho yake yamepona. Aliudhika sana. Wiki iliyofuata akaanza kuumwa meno, na daktari aliyemtaka, akasema, yuko Kisumu tu.

Mungu akulinde barabarani.

Nyanya yako,
Dani Atieno