Merikebu Iliyolala Mchangani

Lindi, 3 Juni 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Tangu masikio yako yakatae simu nimezoea kukuandikia, na naona tunaongea kuliko zamani. Mimi ni mzima, ila ngozi imekauka kwa chumvi.

Tumeiona, Baba! Merikebu ya mbao iliyozama zamani sana, imefunikwa nusu na mchanga, mitungi imelala ubavu pembeni yake. Kwenye mpini wa mtungi mmoja mfinyanzi alibonyeza dole gumba udongo ukiwa mbichi. Niliweka la kwangu pale, likaenea sawasawa. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia.

Shida ni kwamba kuna kampuni inaomba kuchimba mchanga palepale, wa kujengea gati. Meli yao hushusha bomba hadi chini na kunyonya.

Binti yako,
Anande


Nkoaranga, 9 Juni

Mama,
Marahaba. Bwana asifiwe. Goti lipo, tunavumiliana. Shangazi yako Theresia anakusalimu. Ameleta loshoro ya mahindi na maziwa mgando, tumekula tukikutaja.

Nimesoma habari za mitungi mara mbili. Sitakudanganya, sikuelewa. Watu wanahitaji gati. Vyungu vya marehemu asiyejulikana vinamsaidia nani? Nilikulea huku mlimani kwenye hewa tele, wewe ukachagua kazi ya mahali pasipo na pumzi. Waachie mchanga wao. Shuleni Akheri, hapa jirani, wanatafuta mwalimu wa historia. Kila nikisali nakuona uko chini ya maji na mimi siwezi kukufikia.

Baba yako


Lindi, 30 Juni

Baba,
Shikamoo, na pole kwa baridi ya Juni. Nimechelewa kujibu kwa sababu maneno yako yaliniuma, nikasubiri yapoe.

Gati na lijengwe, Baba. Mchanga upo kwingine. Huu ndio unaoishikilia merikebu. Ukiuchota hata kwa mbali kidogo, uliobaki unaporomoka, mbao zinabaki wazi, wadudu wa baharini wanazila. Na wale waliozama nayo hawakuacha kitu kingine. Majina yao hatuyajui; tukiipoteza hii, hatutajua hata kama waliishi.

Kikao cha kusikiliza maoni kitafanyika Arusha mjini, ambako baraza la vibali linakutana safari hii, tarehe 18 Julai. Nitashuka majini mara moja tu, nisimike kamera chini inipige video nikifanya kazi, kisha nije nyumbani tarehe 10 nipumzike kwako kwanza.

Binti yako,
Anande


Nkoaranga, 13 Julai

Mama,
Salamu. Tulikungoja. Shangazi yako alichinja jogoo, na kitanda chako kimetandikwa. Hata yeye akikupigia simu hupokei. Mwanangu, kama umenikasirikia, sema umekasirika. Neno moja tu linanitosha.

Baba yako


Lindi, 15 Julai

Baba yangu,
Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Niko hospitali, lakini niko hai na akili ni timamu, usiogope. Barua hii naituma kwa basi ikuwahi.

Nikiwa chini, meli ya mchanga ilikuja kujaribu bomba lake, ruhusa bado hawajapata. Maji yakawa kama uji, sikuuona hata mkono wangu. Nikaogopa, nikapanda juu haraka. Mzamiaji hapaswi kupanda haraka. Hewa inageuka mapovu mwilini. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi. Waliniweka kwenye chumba cha kugandamiza hewa, sasa vidole vinacheza.

Daktari amekataza milima kwa miezi kadhaa, hata Arusha. Nyumbani siwezi kuja. Mwenzangu Elirehema, aliyenivuta hadi mtumbwini, ameiopoa kamera na ataleta video kikaoni. Usihangaike kwenda, hutasikia kitu.

Anande wako


Nkoaranga, 19 Julai

Anande, mama yangu,
Nimemshukuru Mungu, nikalia, kisha nikamwomba shangazi yako anisindikize. Ndiyo, tulikwenda.

Ni kweli sikusikia kitu. Wanasheria wa kampuni walisimama, midomo ikacheza. Elirehema akasimama, kijana mwembamba, shati limelowa jasho. Halafu wakazima taa, video ikaanza ukutani.

Niliona kitu cheusi chenye miwani, sikujua ni nani. Kisha ukanyoosha mkono ukapangusa mchanga kwenye mtungi, polepole, kama mama yako alivyokuwa akikupangusa uso usiku bila kukuamsha. Nikasema, “Ni Anande!” Theresia anasema nilipiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Sikujali. Kisha bomba likanguruma hata mimi nikalihisi kwenye kiti, ukingo wa mchanga ukamomonyoka, mitungi mitatu ikabiringika ikavunjika, na wewe ukapotea kwenye tope. Nilisimama. Mwenyekiti naye alisimama. Hakuna aliyeketi mpaka taa zilipowashwa.

Elirehema alinikuta nje, akaniandikia uamuzi kwenye simu yake: meli isikaribie pale, wakatafute mchanga kwingine, na lile jaribio lao litachunguzwa. Upande mmoja wa merikebu umeshaharibika, anasema, lakini sehemu kubwa ipo. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Nilimwambia, “Huyo ni mwanangu.” Akacheka, akaandika: “Najua, mzee. Wote tumesikia.”

Nilikuita urudi bila kujua nakuita kutoka wapi. Sasa nimeona.

Nimewakabidhi majirani kahawa na mbuzi. Theresia anafunga ndizi ambazo hazitafika zikiwa nzima. Wewe huwezi kupanda, basi mimi nashuka.

Baba yako