Mama Aling'oa Plagi Katikati ya Maombi

Kathini, Mama ameniharibia!! Wuui, nimekasirika!

Si unajua ile gemu ya kukimbia ninayocheza kwa TV? Ukipunguza mwendo kidogo tu, rekodi imekuponyoka. Ndiyo raha yake, huna nafasi ya kufikiria shida zako. Leo nilikuwa na spidi kuliko siku zote. Imebaki kuruka geti MOJA nimalize

Wamama wa kanisa wakaingia na Pasta Mbaluka. Mama: "Kanini, zima TV tuombe." Nikamwambia angoje kidogo. Pasta akaanza papo hapo!

Basi nikazima sauti nikaendelea. Si wote wamefunga macho?

Mama akanyoosha mkono AKANG'OA PLAGI. Macho yamefungwa! Na amina hakuacha kusema!

Halafu mbele ya wote: "Msichana mzima unafungua macho watu wakiomba! Pasta, muombee huyu." Nikaombewa nikiwa nimepiga magoti

Sasa nampelekea Pasta chai, ananinong'oneza: "Hiyo geti ya mwisho, si ungepita chini yake badala ya kuruka?"

KATHINI. Huyo mtu alikuwa anatazama TV maombi yote! Na ati ni yeye ameniombea nisamehewe!!