Mzigo wa Kipupwe

9 Januari

Mwanangu Fundi,

Salamu zako nimezipata kupitia kwa dereva wa lori la mboga, ambaye anasema umenenepa. Marahaba. Wewe na mume wako mnaendeleaje, na lile jicho lililokuwa linakuwasha? Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika, lakini goti hilo lilianza kulalamika kabla hujazaliwa.

Sasa sikiliza. Kiangazi kimetulia, mlima unaonekana wote mpaka juu, na nyumba ya wageni ina vyumba vitatu vitupu. Omba likizo uje. Kwa majira haya mzigo ni mwepesi: kofia pana, miwani ya jua, mafuta ya midomo, chupa mbili za maji, soksi jozi nne (nne, si mbili, nakujua), na sweta moja zito, kwa sababu huko juu jua likishazama baridi haina adabu. Usije na viatu vipya. Kila wiki nawabandika plasta watu wa viatu vipya.

Nina haja moja. Mwaka na nusu umepita tangu wapagazi wamshushe mdogo wako Kijiti kutoka kibanda cha juu, na mimi sijafika pale alipokaa akashindwa kuinuka kwa baridi. Nataka kupaona kabla miguu haijanikatalia. Sheria ya kwanza ya nyumba hii unaijua tangu utoto: hakuna anayepanda mlima kabla hajatandaza vitu vyake vyote kwenye shuka pale sebuleni nikavikagua kimoja kimoja. Tangu siku ile nimeongeza ya pili: hakuna anayepanda peke yake. Wapagazi wapo, ila sitaki kupanda na mpagazi. Nataka kupanda na wewe.

Simu uliyoninunulia ni nzima. Mtandao haufiki, lakini inanionyesha saa.

Ni mimi,
Baba yako

16 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Jicho limepona, sisi wote wazima. Mume wangu anakusalimu, na anasema huyo dereva apime mboga, binadamu awaache.

Nisamehe kwa kuchelewa. Karakana imepata kazi ya sare za shule, mia nne na ushee, na bosi wetu hataki hata kulisikia neno likizo. Ila nilijaribu. Ijumaa nilifunga begi kama ulivyoandika, soksi nne, kila kitu, na sweta langu zito la buluu nikalilaza chini kabisa. Jumamosi asubuhi nikalikuta kwenye kiti, limekunjwa vizuri, na begi limefungwa zipu. Nikamuuliza mume wangu, akaapa hajaligusa. Nikalirudisha. Jumapili tulikwenda kumwona mama mkwe, na tuliporudi sweta lilikuwa kitini tena.

Nilicheka sana, Baba, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. Kisha nikavirudisha vitu vyote kabatini, nikaenda kushona sare.

Wako,
Binti yako

24 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Afya zenu? Huku ni mvua, matope, na kikohozi kidogo ambacho nimekifukuza kwa tangawizi.

Njia ya juu imefungwa, lakini njoo upumzike tu. Kwa masika beba koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache, upepo wa huku unaugeuza bakuli. Kila nguo ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia kwenye begi. Viatu vya mpira. Suruali nyepesi zinazokauka upesi, maana jinzi ikilowa leo utaivaa wiki ijayo. Na kitabu kinene, kwa sababu utakaa sana.

Chumba cha dirisha kubwa nakuwekea wewe. Mapazia uliyomtuma Kijiti aniletee safari ile yanasifiwa na kila mgeni. Wengine wanauliza kama fundi anapokea kazi.

Nina jambo la kukueleza, na tafadhali usilisome kwa sauti mbele ya mume wako, atasema ni uzee. Kila saa kumi jioni, nikiwasha jiko la chai, mtu hupanda ngazi za ndani. Hupanda saba, halafu husimama kwenye ile ya nane inayolia, kama Kijiti alivyokuwa akisimama pale kufunga kamba za viatu. Sina mgeni hata mmoja. Siku za kwanza nilikuwa naita. Siku hizi siiti. Naweka vikombe viwili.

Baba yako

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimeisha kweli, maana wewe ukisema kidogo huwa si kidogo.

Nilifunga begi tena, na plastiki zako zote. Safari hii mume wangu alikaa mlangoni akanitazama, tulikubaliana hivyo. Anasema nilikuwa napiga pasi, nikaiacha, nikaenda kwenye begi, nikatoa lile sweta, nikalikunja mikono ndani, nikaliweka kitini, nikarudi kwenye pasi huku namuuliza habari za kazini. Anasema uso wangu ulikuwa wa kawaida kabisa. Mimi nakumbuka pasi tu.

Sasa namwona ananiangalia mikono tukila. Siji masika haya, Baba. Usiniwekee chumba.

Binti yako

2 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Mimi nipo.

Kipupwe kimeingia. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, na kwenye mabati asubuhi kuna barafu nyembamba. Mzigo wa majira haya si wa mzaha: fulana ya ndani ya mikono mirefu, shati la sufu, sweta zito, koti la upepo juu yake, glavu, kofia ya kufunika masikio, soksi za kubadilisha, kiberiti ndani ya plastiki. Naandika kwa mazoea tu. Sijui kama utakuja, kila majira una sababu yake.

Tarehe ishirini na moja mwezi huu inatimia miaka miwili. Wapagazi waliniambia Kijiti alikuwa na shati na koti jepesi la upepo, basi. Sikuwahi kukuuliza. Alipita kwako siku mbili kabla ya kuja huku likizo, na begi mlilifunga pamoja. Leo nakuuliza, na naomba unijibu mimi baba yako: lile sweta lake zito la kijani lilikuwemo?

Baba

8 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Sina salamu nyingine ya kuandika.

Halikuwemo. Liko hapa kwangu.

Begi lilikataa kufunga. Nilikuwa nimemaliza kukushonea yale mapazia, jozi sita, kitambaa kizito, na nilitaka uyapate kabla wageni wa msimu hawajaja. Nilitaka unisifu, Baba. Kijiti akalikalia begi, akaruka juu yake, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halikufunga. Nikatoa sweta lake nikaweka mapazia. Akasema, "Dada, huko ni baridi." Nikamwambia, "Baba ana masweta ya kuvalisha mtaa mzima. Utaazima." Akanikubalia kama alivyokuwa akinikubalia kila kitu tangu nilipokuwa namvusha barabara.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua utamtandazia shuka. Hujawahi kumwachia mtu apite bila kumkagua, hata yule daktari mkubwa ulimtolea kila kitu mpaka mswaki. Nilijua utaona sweta halipo na utampa lako. Halafu wakanipigia simu kutoka mjini, na tangu siku hiyo sijui kilitokea nini pale sebuleni, na nimeogopa kukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungeniuliza na mimi.

Kila nikifunga begi la kuja kwako mikono yangu inafanya vile vile ilivyofanya siku ile. Usoni kwako nitakuja vipi? Umezungukwa na mapazia yangu chumba kwa chumba. Kama hutaki kuniona tena nitaelewa, ila niambie wewe mwenyewe, usimtume dereva.

Binti yako

14 Julai

Mwanangu, mama yangu, Fundi wangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama njiani, dereva hata hajazima injini. Nikukirie kwanza ubaya wangu. Nilipokuuliza habari za sweta nilikuwa natamani ujibu hivyo hivyo ulivyojibu, nipate mtu wa kumlaumu asiyekuwa mimi. Nikasubiri hasira ije. Nimeisubiri mpaka chakula kikaungua. Haikuja.

Sikumkagua.

Alipofika nilifungua mapazia kwanza. Nilifurahi kama mtoto. Asubuhi yake nilikuwa nimesimama juu ya kiti nayatundika, pini zimenijaa mdomoni, Kijiti akaja mlangoni na begi mgongoni. Akasema, "Baba, nitandaze?" Nikamjibu hata bila kugeuka, "Mtoto wa nyumba hii nimkague nini? Nenda, uwahi kurudi." Akacheka, akasema basi leo amepita bure. Nikamsikia anateremka ngazi za baraza. Mimi nilikuwa natazama kama pazia limekaa sawa.

Nimekagua mabegi ya watu nisiowajua hata majina, na la mwanangu sikuligusa. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukadhani natetemeka kwa huzuni. Nilikuwa natetemeka kwa hofu kwamba utaniuliza.

Kwa hiyo tuko wawili, mwanangu, na miaka miwili kila mmoja amekaa na lake akidhani ni peke yake. Njoo. Mwambie bosi wenu baba anaumwa, si uongo. Kama mikono inatoa sweta, mpe mume wako begi alifunge yeye. Bila wewe sipandi.

Baba yako

11 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje tangu tushuke? Natumaini unalikanda kwa maji ya moto kama nilivyokuonyesha, na si kwa ile dawa yako inayonuka lami. Mume wangu anakusalimu sana na anajisifu kwa watu kwamba begi lake lilipita ukaguzi bila kasoro. Nimemwambia alisahau taulo.

Sikukuambia vizuri pale juu mlimani, nilikuwa nalia, kwa hiyo naandika. Nilitegemea mahali pa kutisha. Ni kibanda tu, Baba, ukuta wa mawe na benchi. Wewe ulikaa pale alipokaa Kijiti, ukavua kofia, ukatazama nje, ukasema, "Mbona njia iko karibu hivi?" Hatua ishirini. Nilizihesabu. Nilimwomba msamaha kwa sauti na sikuona haya. Wewe ulisogea ukutani ukasema maneno yako, upepo ukayachukua, sikusikia, na sitakuuliza. Tuliposhuka ulinishikilia begani njia nzima. Nilidhani umenisamehe, na bado nadhani hivyo.

Sasa mikono yangu imetulia. Nimejaribu makusudi, nimeweka sweta begini wiki nzima, limekaa humo humo.

Ila Jumatano, saa kumi jioni, nilikuwa nashona kifungo cha shati la mume wangu, naye anakula mkate. Nikasikia mtu anapanda ngazi. Saba, halafu akasimama. Mume wangu akaacha kutafuna. Akanitazama, akasema, "Umesikia?" Kila siku tangu Jumatano.

Nyumba yetu ni ya chini, Baba. Haina ngazi.

Kwako bado anapanda?

Binti yako

20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, na dawa yangu ya lami ndiyo iliyolituliza. Msalimie mkwe wangu, mwambie taulo nililiona.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika. Tangu barua yako ifike mwezi wa nane, na wa tisa wote, nilikaa kila saa kumi bila kuwasha jiko ili nisikie vizuri. Kwangu kimya. Ngazi zimekaa kama mbao tu. Mgeni mmoja alipanda saa hizo kufuata miwani yake nikakurupuka mpaka nikamwaga sukari. Alikuwa mgeni.

Kusema kweli nilikuonea wivu. Nilisema moyoni, mimi ndiye niliyemtengea kikombe, sasa kaenda kwa dada yake. Halafu nikafikiri zaidi. Unamjua Kijiti. Hakuwahi kukaa kwenye nyumba ya mtu aliyemkasirikia. Alipokosana na mjomba wake kwa ajili ya redio aliacha sahani mezani, akatembea na mvua mpaka hapa, na miaka mitatu hakukanyaga kule, hata walipomwita kwenye harusi. Kama yuko kwako, hana kinyongo na wewe. Nakuambia mimi niliyemlea. Ulale, mwanangu, ule ushibe, na ukisikia hatua usishtuke.

Habari yangu ndiyo siijui. Nilimwambia yote pale kibandani, jinsi nilivyokuwa nimempa mgongo. Hakuwahi kuyasikia kutoka kwangu kabla ya siku ile. Labda aliyasikia akaridhika, ndiyo maana ameondoka. Au aliyasikia, na ndiyo maana ameondoka.

Vuli imeanza. Mvua ni za mchana, asubuhi ni safi, ukija beba koti la mvua na nguo za baridi kiasi, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Lakini kabla hujafunga chochote, nifanyie jambo moja. Siku utakayoipata barua hii, saa kumi, akisimama pale kwenye ngazi ambayo hamna, muulize kuhusu mimi. Kisha niandikie alivyojibu, na kama jibu ni baya usilipunguze.

Ni mimi,
Baba yenu