Mgongo wa Mama Kwenye Shaba

Jumatatu, 3 Machi
Sijamwambia mtu: yule mwanamke kwenye bamba la shaba ni Mama. Nilimchora akifua nguo za watu, nikadanganya kwamba nimemwona mtaani tu. Mama angekufa kwa aibu. Husema shida za nyumbani hazianikwi pamoja na nguo za wateja.

Mwenye karakana ya kuchapa picha namwita Bi Wino, kimoyomoyo – vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Tangu nimalize shule ananifundisha. Unapaka shaba nta, unachora kwa sindano, unatumbukiza kwenye asidi. Palipochorwa panaliwa. Pakiliwa sana, panashika wino mwingi, mstari unachapika mweusi zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimesahau bamba kwenye asidi. Mgongo umeliwa mno. Nilijua nafukuzwa. Bi Wino akacheka: umaskini hauchorwi kwa mistari ya kupendeza, mwanangu. Sasa huo mgongo una mzigo.

Nyumbani nimemkuta Mama kalala kifudifudi. Mgongo umemshika, anasema. Tangu saa nne.

Saa nne ndipo niliposahau bamba.

Alhamisi, 6 Machi
Tumechapa. Karatasini kila kitu hugeuka, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Jioni Mama alikuwa anasugua kola kwa mkono wa kushoto. Maishani sijamwona akifanya hivyo. Nikamuuliza.

“Mkono ni mkono. Au siku hizi wewe ndiye msimamizi wangu?”

Ijumaa, 7 Machi
Maonyesho ya karakana ni Jumatatu. Bi Wino hayataki yale macho ya kwenye bamba. Yanaomba, anasema, na aliyechoka hivi haombi tena. Kesho tuyarudishe kwenye asidi, yabaki vivuli viwili.

Nikaitikia “ndiyo”. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 8 Machi
Bamba liko chini ya godoro langu. Nililitorosha jana kutoka karakanani, nimelifunga kwa sketi yangu ya zamani ya shule. Leo sikwenda kazini.

Asubuhi Mama aliniomba nimsogezee beseni mlangoni, eti kuna giza. Nje jua linachoma.

Sasa hivi – hodi. Mama kafungua. Kisha ananiita, taratibu:

“Mwanangu, hebu njoo. Kuna mama hapa, vidole vyake vyeusi. Anasema uso wangu anaujua. Tumeonana wapi?”

Nimejibu naja. Sijainuka.

Daftari langu, nakusihi, haya yaishie kwako. Hata Mama akikufungua.