Funguo za Mzee Mwinjuma

Pangani,
Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Kwa dada yangu Raheli,

Shikamoo dada. Mama anaendeleaje na kifua chake kwa mvua hizi? Shemeji yu mzima? Watoto je, yule mdogo ameshaanza kusimama? Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, maana mengine yote si mazima, na hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi na penseli.

Barua hii usiisome barazani mama na majirani wakisikiliza, kama ulivyozoea. Isome peke yako mpaka mwisho, kisha mwambie mama kwa maneno yako. Atakayekuletea ni mtu wa Soni. Tumelala chumba kimoja mwezi mzima, naye anamaliza siku zake Ijumaa ijayo. Mpe chakula, wala usimwulize alifanya nini. Ndiyo, dada. Niko jela.

Nianze na lile deni. Unalijua, lakini kila nikilikumbuka hasira hunipanda upya. Baba mdogo Natanaeli alitaka kufungua hoteli ya chai Mombo. Mzee Hoza akamkopesha shilingi mia tatu, na baba yetu, kwa kuwa hakuweza kumnyima mdogo wake kitu, akatia dole gumba kwenye karatasi kwamba zisipolipwa shamba letu la kahawa la bondeni litachukuliwa. Hoteli haikumaliza mwaka. Baba akafa, karatasi ikabaki. Natanaeli anatembea na viatu vyake hapo Bumbuli, anawaamkia watu, na mimi na Danieli ndio tulioshuka pwani kukata mkonge.

Kazi ya mkonge sikuwahi kukueleza ilivyo. Sikutaka mama ajue. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mgumu kama sindano ya gunia. Wiki ya pili mwiba ulimpata Danieli chini ya jicho. Ungekwenda juu kidogo, leo ana jicho moja. Ukikata mafungu yako yote, nyapara akaona moja ni dogo, siku hiyo haiandikwi kwenye kipande chako, ile kadi ya siku za kazi, yaani umefanya kazi bure na jua lote lile. Danieli wakamhamishia kwenye korona, mashine inayokwangua majani ili zipatikane singa, zile nyuzi za kamba. Maji yake yanawasha. Mikono yake ikawa na vidonda mpaka kwenye viwiko, akawa anakula kwa kijiko kama mgonjwa. Zile pesa tulizokuwa tukikutumia, shilingi kumi, shilingi kumi na tano, zilitoka huko. Hukuuliza hata mara moja sisi tunakula nini. Nisamehe kwa kulisema, lakini liliniuma.

Halafu ikaja barua yako ya mwezi wa pili. Uliandika kwamba Mzee Hoza amesema mvua zikianza anaingia shambani na watu wake. Ukaandika kwamba mama hali, halali. Mwisho ukaweka maneno haya: "Nyinyi mko wanaume wawili huko, mnashindwaje?" Danieli alinitaka niyarudie mara tatu. Alikaa akitazama mikono yake.

Sasa nikwambie habari za Mzee Mwinjuma. Ni mtu wa Tongoni, mlinzi wa karakana hapo shambani, mzee wa watu. Tulipofika, Danieli akapigwa na homa ya malaria siku nne. Mzee yule, ambaye hatumjui wala yeye hatujui, alikuwa akituletea uji asubuhi kwenye bakuli lililofunikwa. Sisi watu wa milimani hapa wanatuita wagosi, wengine kwa dharau. Yeye alikuwa akisema "wagosi wangu," kama anayetaja watoto wake.

Jumapili moja asubuhi, mashine zimezimwa na Wakristo wengi wamekwenda kusali, ikaja habari kwamba rafiki yake amefariki kijijini Mwera. Mimi nilikuwa nimekaa naye nikimsomea gazeti la zamani. Akasimama, akavaa kanzu yake, akaniwekea funguo mkononi.

"Kaa hapa kwenye kiti changu, mwanangu. Saa moja tu. Nikamzike mwenzangu nirudi. Bwana mkubwa asijue, mimi siruhusiwi kuziacha."

Nakuapia, dada, sikuwa na wazo lolote baya. Nilikaa. Danieli akaja akaniona na zile funguo.

"Kaka, mle ndani mna pete za shaba," akasema. "Za ile mashine mbovu. Ziko kwenye kona, zina vumbi. Hakuna anayezitaka."

"Zina mwenyewe," nikamwambia.

"Na shamba letu halina mwenyewe? Mzee Hoza akiingia na majembe, utamwambia nini mama? Kwamba ulikalia kiti vizuri?"

Nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Akanionyesha mikono yake, akanyoosha tu viganja. Nikampa funguo. Sikufungua mlango mimi, lakini nilimpa funguo, na sijui tofauti iko wapi. Akatoa pete kumi na mbili, nzito kama mawe, akazificha kwenye mkonge uliokatwa. Mzee Mwinjuma aliporudi kutoka mazikoni alinishukuru. Alinishukuru, dada, akanipa chungwa.

Kesho yake Danieli alisema anaumwa. Akapanda lori la Tanga na vikapu viwili, juu machungwa, chini shaba. Mtu mmoja anayenunua vyuma vikuukuu akampa shilingi mia moja na sitini bila kuuliza swali. Hizo ndizo tulizokutumia kwa hawala ya posta, tukakuandikia kwamba tumelipwa vipande vyetu vya nyuma. Ukajibu kwa furaha. Mzee Hoza amepokea, amekubali kungoja zilizobaki mpaka mavuno. Mama amechinja kuku, na mimi na Danieli tumetajwa kanisani katika maombi ya shukrani. Niliikunja barua hiyo, chakula changu nikampa Danieli.

Siku kumi baadaye fundi alizitaka zile pete. Hazikuwa kitu cha kutupwa kama alivyodhani Danieli, zilikuwa zinangojea mashine itengenezwe. Meneja akaita polisi. Walimsimamisha Mzee Mwinjuma mbele ya karakana, kazi imesimamishwa, sisi wote tunatazama.

"Mlango haukuvunjwa," askari akasema. "Nani mwingine anashika funguo?"

"Hakuna," akajibu mzee. "Hazijatoka mkononi mwangu."

Alivyosema hivyo alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama tu, mpaka nikainamisha kichwa. Wakamtia pingu wakampeleka Pangani.

Nilimwambia Danieli twende tukaseme. Akanijibu, "Ni mzee yule, hawatamfunga. Watamwachia wenyewe." Kila siku nilimwambia, kila siku jibu lile lile. Na mimi sikwenda peke yangu. Hilo nalo uliandike moyoni, usije ukafikiri nina sifa yoyote. Nilikata mkonge wiki mbili na ushei huku yule mzee amekaa rumande.

Halafu mkewe akaja kutoka Tongoni, alikokuwa amerudi mzee alipokamatwa, Bi Mwanaidi, yule aliyempikia Danieli uji. Miguu imejaa vumbi, ana kitambaa chenye kalamu na karatasi moja aliyonunua dukani. Akauliza kwa watu, "Yuko wapi yule mgosi anayejua kuandika, aliyekuwa akimsomea mume wangu?" Wakamleta kwangu.

"Niandikie kwa Bwana Hakimu," akasema. "Mwambie mume wangu ana miaka kumi na minane katika kazi hii hajachukua hata msumari. Mwambie si mwizi. Wewe unamjua, mwanangu, wewe utayapanga vizuri kuliko mimi."

Niliandika salamu. Nikaandika, "Mume wangu si mwizi." Baada ya hapo niliweka kalamu chini. Akaniuliza kama karatasi imekwisha. Nikamwambia, "Mama, rudi nyumbani. Nitakwenda mwenyewe kumwambia hakimu." Akanipa baraka nyingi. Akaenda zake.

Jioni nilipomwambia Danieli tuligombana kama hatukunyonya titi moja. Aliniita mjinga. Akasema nitamfanya mama aaibike mbele ya kanisa zima kwa ajili ya mtu baki. Nikamwambia yule mtu baki alimlisha uji. Akalia. Asubuhi sikumkuta. Alikuwa amechukua blanketi lake na akiba yetu ya shilingi kumi na moja.

Nikaenda bomani kwa miguu, nikakiri kwamba nimeziiba mimi. Siku ya kesi hakimu alikaa chini ya picha ya Malkia, akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Pete kumi na mbili. Ulizibeba peke yako?"

"Nilirudi mara mbili, bwana."

"Na ndugu yako aliyetoroka?"

"Aliondoka kwa sababu ya aibu yangu. Hajui kitu."

Sijui kama aliniamini. Alinipa miezi minane na kazi ngumu. Tunavunja kokoto za barabara.

Mzee Mwinjuma aliachiliwa siku ile ile, yeye na jina lake. Nilidhani angalau hilo limenyooka. Halikunyooka. Meneja amemfukuza kazi kwa kumpa mtu funguo. Miaka kumi na minane, dada! Nilikutana naye kwenye ukumbi wa mahakama, mimi nimeshikwa na askari. Nikamwomba radhi. Hakunipa mkono.

"Nilijua siku ile ile," akaniambia. "Nilinyamaza nikidhani mtakuja wenyewe. Ungesema siku ile, Yohana, ningefukuzwa kazi tu. Nisingekaa rumande wiki tatu, wakwe zangu wanaambiwa mimi mwizi."

Askari akanivuta mkono tukaondoka.

Nimechoka kukasirika, lakini sijui nifanye nini kingine. Nikimkasirikia baba, amekufa. Nikimkasirikia Danieli, naona mikono yake. Nikikukasirikia wewe, najua ulikuwa unamtazama mama asiyekula. Kisha nageuka na kubaki mwenyewe na nyundo na mawe.

Sasa nakuomba mambo, na usiyageuze. Ng'ombe wa mama asiuzwe kwa ajili yangu. Hapa hakuna faini ya kulipa, ni siku tu. Kahawa ikivunwa, kabla Mzee Hoza hajaona senti, shemeji ashuke mpaka Tongoni aulizie nyumba ya Mzee Mwinjuma, ampe chochote mtakachoweza. Asiseme ni zawadi. Na baba mdogo Natanaeli aitwe mbele ya ukoo mzima, aambiwe deni lililobaki ni lake. Akianza kukohoa na kusema mambo ni magumu, mwulizeni viatu vile bei gani. Kuhusu kanisa, sijui. Mama ataamua mwenyewe kama atasimama kuwaambia au atanyamaza. Msimlazimishe.

Nisalimie shemeji sana, na umwambie shuka aliyonipa ilinifaa mpaka nilipoingia humu. Msalimie shangazi yetu wa Vuga na mume wake fundi seremala. Mwalimu Stefano aliyenifundisha kuandika umsalimie, ila usimwambie mwandiko wake umetumika wapi. Wabusu watoto. Baba mdogo sina salamu zake.

Danieli nina hakika ataandika, hawezi kukaa muda mrefu bila kujua hali ya mama. Akiandika, mjibu upesi, mwambie ale, mwambie hajafukuzwa nyumbani. Lakini mimi usinipe habari ya mahali alipo, hata kwa fumbo. Nikiulizwa tena, nataka niseme sijui, na iwe kweli.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Yohana