Jicho la Pili la Bango la Kinyozi

Unakumbuka siku baba, mchora mabango, alipofariki, aliacha bango la kinyozi halijaisha? Kijana mtanashati, nywele safi, jicho moja tu limechorwa. Tangu siku hiyo mimi, mwanafunzi wake, sijashika brashi.

Basi leo kinyozi kaja mwenyewe. "Binti wa fundi, nikilitundika hivi watu watasema nanyoa mpaka macho. Malizia, mwanangu."

Nikajikaza. Nikachora jicho la pili, nikaona nimeliweza kabisa.

Kinyozi akatazama. Akatazama tena.

"Huyu si baba yako?"

Mwenzangu, ni baba. Ile kope yake iliyolegea, kama mtu anayesinzia mkutanoni. Kijana wa miaka ishirini ana jicho la mzee wangu!

Natamani ardhi inimeze. Nikachukua kitambaa nifute, akaninyang'anya.

"Acha. Huyu kasinzia kwenye kiti changu kila Jumamosi. Sasa asinzie mlangoni."

"Huyu si baba yako?" Bado naisikia.

Nimecheka mpaka nikalia, au nimelia mpaka nikacheka, sijui.

Bango limeshatundikwa. Brashi za baba nimeziosha. Kesho naanza bango la fundi viatu.